Siku Nilipofanywa Roboti

Mjukuu wangu nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake, binti yangu, aliolewa Morogoro na mwanamume asiyetaka mtoto wa mwenzake nyumbani kwake, basi mtoto akabaki kwangu hapa Ihumwa. Sikuona taabu. Nilikuwa na nguvu zangu, nilikuwa na shamba la uwele na karanga, mbuzi wachache, na nyumba niliyoijenga chumba kimoja kimoja. Nilijiambia kitu kimoja tu: huyu hatanishinda. Mama yake nilimlegezea kamba. Huyu hapana.

Nikamlea kwa adabu. Ukimpa kitu anapokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa. Hapiti mbele ya mtu mzima. Hamwiti mkubwa kwa kupaza sauti toka mbali. Anakuja mpaka alipo, anasimama, anangoja aulizwe. Neno "njoo" au "lete" au "toka" kwa mtu aliyemzidi umri hakuwahi kulitamka mbele yangu. Wanawake tuliokutana nao bombani walikuwa wananiambia, "Bibi, tuazime huyo mtoto mwezi mmoja akawafundishe wa kwetu," nami nilikuwa naondoka pale nimenyoosha mgongo kuliko wote.

Najua kwamba kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume anamwita bibi yake mke, wa kike anamwita mke mwenzake, wanachekana, wanatukanana kwa mapenzi. Ndivyo nilivyolelewa na bibi yangu. Lakini mimi sikuwa bibi tu, nilikuwa mama na baba pia, na mtu akiwa vyote hivyo nani atabaki wa kutaniwa? Siku moja alirudi kutoka kucheza, ana miaka mitano hivi, amesikia wenzake, akaniambia, "Mke mwenzangu, ugali wako leo una mabonge." Sikumpiga. Nilimtazama tu. Hakurudia.

Shule yake ilianza kitu cha Jumamosi. Mwalimu kijana wa kike, aliyemaliza chuo kikuu akawa anajitolea, alikuja na roboti. Nilidhani ni mtu wa chuma kama wa kwenye televisheni. Kumbe ni kitu kidogo, ukubwa wa kobe mchanga, kina magurudumu chini na vitufe mgongoni. Vitufe vina alama za mshale: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Unabonyeza mishale kwa mpangilio unaoutaka, halafu unabonyeza kitufe cha kijani, kitu kinaondoka na kufuata ulichokipanga. Ukikosea kupanga, kinakosea vilevile ulivyokosea wewe. Watoto walimwita mwalimu yule Madam, na Madam aliwaambia kwamba huko ndiko kuandika programu: kukipa kitu kisicho na akili amri zilizonyooka.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kusoma nimekuja kukamilisha ukubwani kwenye kisomo. Sikuona faida ya kobe wa plastiki. Lakini nilimkuta mtoto nyuma ya jiko amechora visanduku chini kwa mkaa, anasogeza kifuniko cha soda sanduku moja baada ya jingine, anasema kimoyomoyo, midomo ndiyo inacheza. Siku ya pili nikamkuta tena. Nilipomuuliza anafanya nini, alisimama akafuta mikono kwenye gauni. "Bibi, Madam atachagua watoto watatu waende kwenye mashindano mjini. Nilikuwa najaribu tu."

"Unataka kwenda?"

Alitazama chini. "Kama utaruhusu, Bibi."

Mtoto yule hakuwahi kuniomba kitu. Viatu vikimbana alikuwa anangoja nione mwenyewe. Kwa hiyo nilijua kwamba hili alilitaka kwelikweli.

Madam alituita wazazi siku ya kuchagua. Nilivaa khanga mpya, nikafika mapema, nikakaa dawati la mbele. Shule yetu siku hizi ni mchanganyiko. Tupo sisi wenyeji, na wapo waliohamia na ofisi za serikali, wamejenga kwenye viwanja vipya, wanakuja na magari hata kama ni hatua chache. Madam alikuwa amechora visanduku vikubwa kwa chaki sakafuni, darasa zima.

"Shikamooni wazazi," alisema. "Leo roboti inapumzika. Roboti ni ninyi. Mtoto atatoa amri, mzazi atafuata. Nimewaambia watoto, roboti haielewi kidogo, haielewi tafadhali, haielewi pale. Inaelewa amri. Na ninyi wazazi msifikiri. Mkiambiwa mbele, mnakwenda mbele hata kama kuna ukuta. Anayeweza kumwongoza mzazi mpaka kwenye kile kiti kule nyuma, huyo ataweza kuiongoza roboti mbele ya majaji."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, ila nilisikiliza, maana nikiambiwa kitu nafuata.

Alianza baba mmoja wa wizarani na mwanawe. Mtoto alisema, "Mbele. Mbele. Kushoto. Mbele," na baba wa watu, shati limechomekewa vizuri, akajigonga kwenye dawati.

"Wewe, umenigongesha."

"Roboti haiongei, baba."

Darasa likavunjika mbavu. Akafuata jirani yangu, mama muuza maandazi, mwanamke mnene asiye na aibu ya kitu. Mwanawe akamwambia, "Nyuma." Akajibu, "Nyuma yangu ni kubwa, jamani, nipisheni," akarudi kinyumenyume mpaka watoto wa dawati la pembeni wakainua miguu. Kiti walikifikia. Watu wakapiga makofi.

Ikawa zamu yetu.

Nilisimama kwenye sanduku la kwanza. Mjukuu wangu akasimama mbele yangu, akanisalimu. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

Wengine wakacheka kidogo, kicheko kizuri. Madam akasema, "Haya, amri ya kwanza."

"Bibi," mtoto alisema, "naomba usogee mbele kidogo, kama hutachoka."

Sikusogea. Tumeambiwa roboti haielewi kidogo. Nilidhani namsaidia.

"Roboti haijaelewa," Madam alisema kwa upole.

"Bibi, samahani. Kama ungeweza kusogea."

Nilibaki nimesimama. Nikamwambia, "Sema." Nililisema kama ninavyolisema nyumbani, na nilipolisikia ndani ya chumba kile chenye watu likawa neno jingine kabisa. Hata baba wa wizarani aliacha kucheka.

"Usimwite bibi," Madam alimwambia mtoto. "Mwite roboti tu. Sema roboti, mbele."

Mtoto alifungua mdomo. Halafu akapiga goti. Katikati ya visanduku vile vya chaki, mbele ya darasa zima, akapiga goti na kuinamisha kichwa, akasema, "Bibi, nisamehe."

Mtoto mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Anamwogopa bibi yake." Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Mama yake akamwambia sss.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningekasirika, na hasira naifahamu, ningejua pa kuiweka. Walitazama kwingine, kama watu wanavyofanya mtu mzima nguo ikimdondoka barabarani. Nilimwinua mtoto kwa mkono, nikarudi kwenye dawati langu. Baba wa wizarani aliinama kwenye sikio langu akasema, "Bibi, umelea. Watoto wa siku hizi adabu hii hawana." Miaka mingapi nimeyapenda maneno hayo. Siku ile niliyapokea kama pole ya msiba.

Tulipotoka Madam alinifuata nje. "Bibi, mjukuu wako anajua. Kwenye karatasi anajua kuliko wote. Lakini kule mjini lazima aseme, majaji wamsikie. Jumamosi ijayo nitawapima tena walioshindwa."

"Atasema," nikamjibu.

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Ndivyo tunavyotembea. Safari ile nilipunguza mwendo ili anifikie tuongee. Naye akapunguza.

Nyumbani sikungoja. Nilichukua kipande cha mkaa nikachora visanduku uani kwa mkono wangu, vimepinda, nikasimama kwenye cha kwanza.

"Niamuru."

"Bibi?"

"Nimesema niamuru. Kiti ni ule mtungi pale. Nipeleke."

"Mbele, Bibi."

"Ondoa bibi."

"Mbele," alisema.

Nikaenda mbele. Akasema kulia, nikageuka kulia. Alisema mbele, mbele, kushoto, na kila amri ilikuwa sahihi, tukafika kwenye mtungi bila kosa hata moja. Macho yake muda wote yalikuwa kwenye miguu yangu na sauti ilikuwa ya mtu anayesomewa shitaka. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia vizuri, kalete kuni. Nikajiona nimelimaliza jambo.

Nilikuwa nasonga ugali ndipo nikaona. Aliyekuwa anatii pale uani hakuwa mimi. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, na ugali ukaungua kidogo chini. Tuliula hivyo hivyo. Hakusema neno kuhusu ugali ule, na mimi nilikuwa nangoja aseme.

Jumamosi nyingine nilivaa khanga ileile, tukaenda. Madam aliwaambia waliobaki kwamba safari hii si lazima mzazi wako, mtoto achague mtu mzima yeyote aliyemo darasani. Mjukuu wangu alikuja mpaka nilipokaa, akasimama, akangoja.

"Unasemaje?"

"Bibi, Madam amesema naweza kuchagua mtu yeyote."

"Basi chagua."

Alisimama kidogo zaidi, kama anayengoja nimkataze. Halafu akavuka chumba akamshika mkono mama muuza maandazi. Mimi, ambaye ndiye niliyemleta, nilihama dawati la mbele nikaenda kukaa la nyuma kabisa, la watoto wadogo, magoti yamenifika kifuani.

"Roboti, mbele," mjukuu wangu alisema.

Sauti ile sikuwahi kuisikia. Nimelala chumba kimoja na mtoto huyu tangu ananyonya kidole, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa na kifua ndani yake.

"Mbele. Kulia. Mbele. Roboti, acha kucheka."

"Roboti imechoka," mama wa maandazi alisema. "Inataka soda."

"Roboti hainywi soda. Kushoto."

"Basi hata maji."

"Itaingia kutu. Mbele."

Darasa lilicheka mpaka Madam akajifuta machozi. Mjukuu wangu naye alikuwa anacheka, meno yote nje, na huku anacheka hakupoteza hesabu ya visanduku. Kiti wakakifikia. Madam akasema hapohapo kwamba huyu ni wa kwanza kwenye timu. Nikapiga makofi na wengine. Nilipiga kwa nguvu, hata mtoto wa dawati la jirani akanitazama.

Mtu angesema shida iko wapi, mtoto amepata alichokitaka. Ndiyo, alikipata. Na hata ya mbele niyamalizie: mashindanoni mjini walikwenda, hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na alizungumza mbele ya majaji bila kutetemeka. Haya nimesimuliwa. Kila mtoto alitakiwa awe na mtu mzima wa kufuatana naye, naye alikuja akasimama mlangoni akaniambia, "Bibi, wewe una mavuno." Uwele ule ungengoja siku moja, hata wiki. Lakini niliona amenitafutia njia ya kupita bila kunivunjia heshima, kama nilivyomfundisha mwenyewe kuwafanyia wakubwa. Nikamwambia kweli, nina mavuno. Alikwenda na mama wa maandazi.

Jambo ninalolirudia kichwani lilitokea kabla ya safari hiyo.

Sakafu ya darasa lao ina mashimo. Kile kiroboti kilikuwa kinanasa gurudumu, kinapinda, na watoto hawajui kama wamekosea wao au imekosea sakafu. Nilimsikia Madam akilalamika. Mimi nina sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, fundi aliisugua mpaka ikawa laini kama sahani, nayo ni ya kuanikia nafaka. Hakuna anayeikanyaga na viatu. Nilimfuata Madam nikamwambia, "Waje kwangu."

Wakaja, wale watatu na watoto wenzao waliowasindikiza. Walinisalimia mmoja mmoja kwa foleni kama wamekuja msibani. Mwana wa mama muuza maandazi alimnong'oneza mwenzake, "Hapa ndipo kwa bibi mkali?" Masikio yangu mazima. Nikaingia jikoni ili wapate kupiga kelele, na baada ya muda kweli wakapiga. Nilikaa kwenye kigoda nikichambua karanga, dirisha liko wazi, nawasikia wanabishana. Mjukuu wangu alikuwa anawakosoa hata wavulana. "Wewe umebonyeza kabla hujafikiri. Futa, anza upya." Niliacha kuchambua ili nisikie vizuri zaidi. Nilikuwa nasikiliza nyumbani kwangu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Ungo ulipojaa nilitoka kuanika karanga kwenye kona ya sakafu ambayo hawaitumii. Wote walikuwa wamenipa mgongo. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa, amebonyeza kitufe cha kijani, roboti imeondoka, macho yake yameifuata na hayaoni kingine. Mimi nikakatiza. Mguu wangu mmoja ulishaikanyaga saruji, mbele ya njia ya ile roboti.

"Simama," alisema.

Nikasimama.

Roboti ikapita karibu na kidole changu cha mguu, ikafika mwisho wa mstari, ikageuka kulia, ikaenda, ikageuka tena, ikatua kwenye alama yao ya chaki na kutoa mlio wake mdogo. Ilikuwa sahihi kabisa. Wenzake walikuwa wananitazama mimi, hawaitazami roboti tena. Ndipo akageuka kuona ni nani huyo aliyeambiwa asimame.

Alipiga goti pale pale kwenye saruji. "Bibi, nisamehe. Sikujua ni wewe."

Nilitaka kumwambia amesema vizuri. Nilitaka kumwambia kwamba angechelewa kidogo tu, akatafuta neno la heshima, ningekikanyaga kitu cha watu kikavunjika, na safari yao ingeishia hapo. Nilitaka hata kumwambia neno la kuchekesha, maana wenzake walikuwa wanatazama, na mama wa maandazi angekuwa nalo tayari mdomoni. Nikalitafuta. Kilichotoka ni, "Inuka, sakafu ina vumbi."

Akainuka mara moja.

Watoto walimtazama yeye, wakanitazama mimi. Yule mwana wa mama wa maandazi akaiokota roboti akaikumbatia kifuani. Nami nikabaki palepale na ungo wangu mikononi, mguu mmoja kwenye saruji na mmoja kwenye udongo. Hakuna aliyeniambia niendelee.